Kopo Lisilofungwa

Kila Jumanne muuguzi anayetibu wagonjwa wa kula kupita kiasi huingia chumba cha kikao chao na kopo la biskuti kwapani, hulifungua, kisha huukalia mfuniko. Kila akicheka, mfuniko nao unalia chini yake kama debe. Wietske, mmoja wa wagonjwa hao, ambaye kwao hujifungia bafuni akala pakiti nzima mpaka tumbo limuume, bado anaona ni wazimu. Hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kopo likafungwa. Wote chumbani wamelelewa hivyo.

"Tunachokiogopa ndicho kinachotupeleka bafuni," husema muuguzi kwa sauti ya mnadani. "Kuleni mezani, kwa saa zake, mkitazamana."

Leo, baada ya kila mtu kula moja, muuguzi naye, Wietske akachukua biskuti ya pili, mbele za watu. Mkono mnene wa muuguzi ukachomoka wenyewe, ukaanza kupapasa mfuniko chini ya makalio, naye akauchapa kofi kwa mkono wa pili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mkono huu nimeurithi kwa mama."

Wietske akacheka mpaka makombo yakamruka mdomoni. Akamsogezea kopo. "Haya dada, chukua na wewe ya pili."

Muuguzi akatazama mlangoni kwanza, ndipo akachukua.