Maji ya Ziwa kwa Nyutroni

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya ujenzi wa barabara hapa Goma, chef, yaani mkuu wa maabara, hakuniruhusu kugusa kitu. Alinionyesha sanduku lenye alama ya hatari. Ndani yake mlikuwa na chanzo kinachotoa nyutroni, chembe zisizoonekana, ambazo tulizitumia kupima maji yaliyomo kwenye udongo kabla ya kuushindilia.

"Mama Riziki," aliniambia, "nyutroni inaweza kupita kwenye chuma kama vile hakuna kitu. Lakini ikikuta haidrojeni ya maji, inagonga na kupoteza mbio. Uwezekano huo wa kugongana tunauita section efficace. Tunaupima kama eneo, kama vile kila kiini ni shabaha. Kuna shabaha pana, kuna nyembamba."

Ndiyo maana chanzo kilizungushiwa nta ya parafini, yenye haidrojeni nyingi. Risasi, nasema madini, si ile ya bunduki, isingetosha kuzituliza nyutroni.

Vita vilipokaribia, chef alihamishiwa Bukavu, nami nikabaki na funguo. Watu waliokimbia mji wa Kiwanja walijaa kwenye uwanja wetu wa mtaa wa Himbi, wengine wakalala kwenye ghala lenye sanduku lile. Asubuhi moja nikakuta sanduku limevunjwa. Nta ilikuwa imechukuliwa kuwashia moto, maana kuni zote zilikuwa mbichi. Chanzo kilibaki ndani ya kikasha chake cha chuma, na kando yake amelala mtoto mchanga. Mama yake, Kavira, alikuwa nje anakoroga uji.

Nilimbeba mtoto nikatoka naye, nikawaondoa watu wote ghalani. Kisha nikaomba maji yao nijaze pipa tupu la lami, yachukue nafasi ya nta.

"Unataka kunywesha chuma?" muzee mmoja alifoka. "Na batoto batakunywa nini?"

Alikuwa na haki. Nikasema maji ya ziwa yatatosha, yale tuliyoogopa kunywa kwa sababu ya kipindupindu. Nyutroni haijali uchafu. Kule ufukweni bunduki zilikuwa zinalia.

Kavira alichukua bidon ya kutekea maji. "Unishikie mutoto," akasema, akatoka. Wengine wakamfuata, hata yule muzee.

Nilisimama getini na mtoto kifuani. Kila mlio ulipopasuka nilijiuliza nimemtuma mama wa nani kufa. Walirudi wote, wameloa. Pipa likajaa, nami nikashusha chanzo ndani ya maji kwa koleo refu.

"Mutoto yangu atagonjwa?" Kavira akaniuliza.

"Uwezekano ni mdogo sana, mama."

"Mudogo ni ndiyo ao ni hapana?"

Akamfunga mtoto mgongoni, wakaondoka kuelekea kambi ya Kanyaruchinya.

Amani iliporudi, wataalamu walikuja kuchukua chanzo. Mimi nilifanya kazi mpaka nikastaafu, na vijana wa maabara bado wanakuja nyumbani kuniuliza kuhusu section efficace. Nawaeleza bila shida.

Juzi, katika kumtafuta Kavira yule, nilipelekwa kwa Kavira mmoja wa Kanyaruchinya. Hakuwa yeye. Alinipa kiti hata hivyo, akauliza deni gani linanisumbua hivyo.

"Si deni," nikamwambia. "Nataka tu kumwona mtoto wa Kavira yule, akiwa mtu mzima, anapita barabarani."