Wanza Mlumbi

Wanza alikuwa anauza mitumba Kariobangi, na hata kama hukuwa na haja na suruali, ukimsikia tu unajipata umeshika mbili. Ndio maana mwaka wa tisini na sita, familia ikijitayarisha kwenda Njiru kumwombea ndugu yake Ndambuki mke, na Mjomba Kimanzi wa kuwaongelea ameshikwa na kifua, mjomba akasema, "Ataongea Wanza. Huyo ni mlumbi."

"Mlumbi ni nini, mjomba?"

"Mtu anajua kuongea."

"Hata kasuku anajua."

"Mlumbi akiongea, watu wanasikia."

"Hata king'ora."

Mjomba akakohoa, akageukia ukuta.

Wanza akamuuliza Nurto, jirani yake wa kibanda.

"Kwani ni ugonjwa?" Nurto akacheka. "Wewe ongea tu vile huongea hapa."

Sasa Ndambuki alikuwa mchonga twiga, na kimya kama hao twiga wake. Alimtaka Mbinya na roho yote, lakini baba ya msichana alikuwa ashaanza kumsifu karani fulani. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, walifungwa nje ya geti. Wakipokelewa, Mbinya ni wenu. Wakikataliwa, mnarudi nao na aibu.

Wanza akasimama mbele ya wazee. "Wazee wangu, angalieni huyu kijana. Mshono safi, hachuji, ukimfua anarudi vile alikuwa. Mkimwacha leo, kesho hamumpati."

Baba Mbinya akaangalia viatu vyake. Ndambuki akatamani vumbi la Njiru limmeze.

Ndio Susu, nyanya ya Mbinya, akauliza polepole, "Na ametoboka wapi, mama?"

Wateja humuuliza hivyo kila siku, na kila siku ana jibu. Leo akaweka kando maneno ya sokoni.

"Susu, haongei. Mama yetu akifariki, huyu alikaa wiki nzima bila neno. Lakini kila asubuhi nilikuwa nakuta amenipashia maji ya kuoga. Sijawahi hata kumwambia asan..."

Akaketi bila kumaliza, akijua ameharibu kila kitu.

Susu akapangusa macho na leso. "Baba Mbinya, fungua geti. Hao mbuzi wanachomeka na jua."

Wakirudi nyumbani, Ndambuki akafungua mdomo mara ya kwanza siku hiyo. "Dada, kweli wewe ni mlumbi."

"Saa ngapi sasa? Pale niliongea ama pale nilishindwa?"

Walipofika, Ndambuki akawasha jiko, akampashia maji ya kuoga.