Tabaka la Makosa

Wifi yangu huchora chipu, na sijawahi kumwona amekunja uso kama wiki ile. Mimi nakaa mapokezi ya ofisi hiyohiyo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Chipu yenyewe, kile kipande kidogo cha umeme kinachoendesha kifaa, ilikuwa ya vifaa vya kusaidia masikio, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameahidiwa kimoja cha mwanzo. Mama hasikii hata mlango ukigongwa.

Mchoro wa chipu una matabaka ya waya, moja juu ya jingine. Wifi aliandika skripti, maagizo ambayo kompyuta huyafuata kila mchoro unapofunguliwa: unda tabaka hili, lipe bluu, unda lile, lipe kijani chenye mistari. Juu ya yote akaweka tabaka la makosa, jekundu, linalowaka na kuzima kila mahali waya zinapogusana. Chipu ikienda kiwandani hivyo, kifaa kitachemka sikioni mwa mtu.

Mkuu wetu tunamwita Marashi, maana harufu yake huingia ofisini kabla yake. Alipouona wekundu ule, akafyonya.

"Skrini ina surua. Wateja wanakuja Alhamisi. Lifiche hilo."

"Bosi, tukisahihisha makosa litatoweka lenyewe."

"Nimesema ufiche, sijasema usahihishe."

Wifi akakataa katakata. Asubuhi iliyofuata kila skrini ilikuwa safi. Marashi alikuwa ameingia kwenye skripti akageuza neno moja: palipoagizwa tabaka lionekane, akaagiza lisionekane. Waya ziligusana vilevile. Wachoraji wengine walikunywa chai wakisifu mchoro ulivyotulia, na nilitamani kuwamwagia ile chai. Wifi aliitazama skrini kama mtu aliyekuta nzi kwenye kikombe baada ya kunywa.

Alhamisi, Marashi akautandaza mchoro ukutani mbele ya wateja. Nilikuwa naingiza maji ya kunywa. Wifi akasimama.

"Samahanini. Kuna tabaka limefichwa."

Akabofya. Ukuta mzima ukawa mwekundu, unawaka na kuzima. Marashi akatoa leso. Moyoni nikasema, leo umeumbuka.

Mkubwa wa wateja, mzee mwenye sauti ya upole, akajikuna kidevu.

"Tunayajua hayo, dada. Zima. Na sisi tuna watu wanaotaka kuona picha safi. Kesho mchoro uende kiwandani."

Marashi akacheka. Wakacheka wote, na yule mpole ndiye aliyecheka zaidi. Nikaacha maji palepale. Wifi alishachukua mkoba wake, nikamfuata.

Nyumbani mama alishangaa kutuona mchana.

"Kifaa changu kiko tayari?"

Wifi akamwinamia, mdomo sikioni, akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia.

"Wakikuletea, mama, usikivae."

"Kwani si wewe uliyekichora?"

"Ni mimi, mama. Usikivae."