Mke Mwenzangu Mwenye Beseni

Mjukuu wangu ni mume wangu. Hapa Tabora hakuna atakayeshangaa nikisema hivyo, maana bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na utani wetu ndio huo. Akirudi shule namuuliza, mume wangu, umeniletea nini? Akiniudhi namwambia nafunga mizigo narudi kwetu. Naye tangu alipojua kufungua mdomo jibu lake lilikuwa moja: "Mte wandu." Mke wangu, alikuwa anasema. Hakuwa na k wala g. Kuku kwake alikuwa tutu, kikombe kilikuwa titombe, gari lilikuwa dali, na chakula alichokipenda kuliko vyote, michembe ya karanga, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, aliiita michembe ya talanda.

Mama yake, binti yangu, anafanya kazi Dodoma. Aliniachia mtoto akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta, kwa hiyo lugha ile ilimea mbele ya macho yangu na niliijua yote. Hakuna mwingine aliyeijua. Mwenye duka, mtoto akishaagiza, alinigeukia mimi. Binti yangu akipiga simu niliweka spika, mtoto anamwaga maneno, mama anauliza, "Anasemaje, mama?" na mimi ndiye niliyemwambia anasemaje. Siku nyingine niliongeza chumvi kidogo. Nilikuwa mdomo wa yule mtoto, na kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa mshahara.

Alipoanza darasa la kwanza, wenzake walimcheka siku ya kwanza tu, na yeye akafunga mdomo. Hakusema tena shuleni. Mwalimu wake alinifuata hadi nyumbani kuuliza kama mtoto anasikia vizuri. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundisha darasa la kwanza mpaka nilipostaafu. Wapo watu wazima wenye vitambi hapa mjini ambao mimi ndiye niliyewafundisha kusoma. Mjukuu wangu nilimkalisha kwenye kigoda, nikamwambia, sema ka. Akasema ta. Nikapandisha sauti: ka! "Ta, bibi," akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga. Nikaacha. Nikajiambia, basi, nitaendelea kumsemea mimi.

Ndipo alipokuja huyo mwanamke. Alikuwa mtaalamu wa matamshi, binti wa juzi juzi tu, kwao si huku, na alianza kuja shuleni kila Jumanne na Alhamisi kuwakusanya watoto wenye shida ya kusema. Alifika kwa bodaboda, beseni kubwa jekundu limefungwa nyuma kwa mpira, juu yake kanga. Chini ya kanga ndiko kulikokuwa na vitu vya mada ya kipindi. Kila baada ya muda alibadilisha mada, na watoto hawakujua ni ipi mpaka kanga ifunuliwe. Nilivyoona wanavyolizunguka lile beseni, na wangu akiwa mbele kabisa, niliingiwa na kitu. Ni wivu. Sina jina lingine la kukipa.

Mada ya kwanza ilikuwa jikoni, na walezi tulikaribishwa kukaa nyuma kwenye benchi. Alinisalimia kwa adabu zote, shikamoo bibi, nikaitikia marahaba shingo upande. Akatoa kikombe, kijiko, kikaango, jiko dogo la udongo. Watoto wakapika vyakula vya uongo na kuvipakua. Kisha akawalaza kwenye mkeka wakiangalia dari, akawaambia wana chai kooni, waichezeshe bila kuimeza wala kuimwaga. Darasa zima likawa linakoroma. Nikajisemea, tumefikia hapa, watoto wanatoka nyumbani na sare safi kuja kufundishwa kusukutua.

Akamfikia wangu, akachutama mbele yake. "Mpishi, leo umepika nini?"

Mtoto akanitazama. Nami, kama kawaida, nikaanza, "Anasema amepika..."

"Bibi," akaniambia, pole pole, wala hakugeuka, "naomba tumsubiri. Hajasema bado."

Na kweli alikuwa hajasema kitu. Tukasubiri, na kusubiri kule kulikuwa kurefu, watoto wengine wakaanza kugonga vijiko. Mwisho mtoto akasema, "Mchuzi." Akameza mate. "Mchuzi wa tutu."

Yule dada hakumcheka, wala hakumsahihisha. "Mchuzi wa kuku!" akasema, kama mtu aliyekuwa na njaa tangu asubuhi. "Kuku mkubwa? Kuku wako?" Mtoto akatabasamu mpaka pengo la meno likaonekana. Shuleni lilikuwa neno lake la kwanza tangu afunge mdomo, na sikupewa mimi.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Umempenda mke wako mdogo?" Akacheka sana. Tangu siku hiyo jina likakaa. Jumanne asubuhi namwambia, haya, nenda kwa mke wako mdogo, akikupikia mchuzi wa uongo usije kunililia njaa. Uzuri wa utani ni huo, unasema ukweli mtupu na watu wanacheka.

Mambo ya uke wenza siyasomi kitabuni. Bibi yangu mimi, mzaa mama, alikuwa mke mkubwa. Babu alibatizwa uzeeni, lakini kabla ya hapo alikuwa na nyumba mbili, na nilipokuwa mdogo niliyaona kwa macho yangu. Akitoka safari alianzia kwa bibi. Alitundika koti lake kwake, akamuuliza habari za ng'ombe na za mazao, na hakuna jambo la ukoo lililoamuliwa bila bibi kusema. Heshima yote alikuwa nayo. Lakini jioni bibi akileta chakula, babu, akiwa ametoka nyumba ya pili, alisema tu, "Nimekula kule." Bibi hakugombana. Alichukua ungo akafunika chakula, akatoka nje kuchambua karanga. Mla ni mla leo, alikuwa akituambia sisi wajukuu, mla jana kala nini?

Siku zikaenda. Mtoto akawa analala kwenye mkeka sebuleni, macho juu ya mabati, koo likitoa k, k, k kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alasiri moja nipo jikoni naepua sufuria nikasikia uani: "Kuku! Toka! Kuku!" Nilisimama na sufuria mkononi mpaka vidole vikaungua. Nilifurahi, jamani, nisionekane mchawi. Ila furaha ile haikufika hata mlangoni. Nilipotoka nikamkuta anamfukuza kuku, na badala ya kuja kwangu akaniambia, "Jumanne nitamwambia mwalimu."

Mada iliyofuata ilikuwa asali. Nilichungulia dirishani. Mzinga ulikuwa boksi la kartoni lililopakwa rangi, na nyuki walikuwa vijipira vya nyuzi za njano, na watoto walikuwa wanaingia ndani ya boksi wakitambaa, wanatoka na nyuki, wanasema, nyuki wangu ameruka, nyuki wangu ametua. Hapo sikuvumilia. Huyu dada wa kuja anatufundisha asali sisi? Kaka yangu yuko Sikonge, ana mizinga porini, mizinga ya magome ya miti, siyo ya kartoni. Jumamosi nikamchukua mume wangu tukaenda.

Nilijiandaa kama enzi zangu za ualimu. Maneno nilikuwa nimeyapanga kichwani: nyuki, kamba, kuni, kibuyu. Kaka yangu alikuwa ametoka kurina, ana ndoo ya masega, asali bado ina harufu ya moshi. Nikamkalisha mtoto mbele ya ndoo, nikamkatia sega. "Haya, mume wangu, nani ametengeneza hii?" Akatingisha kichwa, mdomo umejaa. "Na hizi nyeusi za kutolea moshi ni nini?" Akatingisha kichwa, mashavu yamevimba, asali inashuka kidevuni. Nikauliza nyuki, nikauliza kamba, nikauliza kuni. Aliitikia yote kwa kichwa. Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba mla asali haongei.

Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, umemwita mtoto aseme, halafu umemziba mdomo."

Kwenye gari la kurudi mtoto alilala, kichwa mapajani mwangu, nata tupu ya asali. Hakusema neno mpaka Tabora.

Jumanne mchana yule mtaalamu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa inaruka kwa furaha. "Bibi, umefanya kazi kubwa! Leo ameongea kipindi kizima! Kaka yako, ngazi, moshi, nyuki, ndoo, kila kitu. Wenzake wote walikuwa wanamsikiliza yeye." Akanishukuru, akanishukuru tena. Nilisema asante, mwanangu, nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda kile kile cha ka na ta. Asali ilikuwa ya kwetu, safari ilikuwa yangu, nata ilikuwa kwenye gauni langu, na maneno yote mtoto alikuwa ameyabeba mpaka kwa mke mdogo. Nilikasirika siku ile kiasi kwamba nilikorofishana na muuza mkaa ambaye hakuwa na kosa.

Mada ya mwisho wa muhula ilikuwa msafara, na hiyo aliitoa mume wangu mwenyewe. Mimi humsimulia habari za babu yangu mwingine wa zamani zaidi, aliyekuwa mpagazi, aliyebeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu. Ni hadithi yangu ya kumlaza. Nayo akaipeleka kule. Yule dada akaipokea, akaitia kwenye beseni, na walezi tukaalikwa kuja kuitazama siku ya kufunga shule.

Nilivaa gauni langu la kanisani. Mahali pa kuanzia msafara palikuwa mlango wa darasa, na pwani ilikuwa mlingoti wa bendera. Watoto walijipanga na mizigo kichwani, na kila mmoja alipofika mbele yetu alisimama akasema amebeba nini na kwao ni wapi. Walikuwapo wenye kigugumizi, walikuwapo waliosema neno moja tu wakapigiwa makofi. Wangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Kwenye pindo la kaptula alikuwa amefunga kamba, na kichwani alikuwa na kikapu.

"Nimebeba kamba," akasema, kwa sauti. "Nimebeba kibuyu. Nimebeba karanga za bibi yangu. Babu wa bibi yangu alitembea mpaka pwani, na miguu yake haikuchoka."

Nilimgeukia mama aliyekaa karibu nami. Sikufikiri, mdomo ulitangulia wenyewe. "Anasema amebeba kamba na..."

"Nimemsikia, mama," akanijibu. Hata hakunitazama, alikuwa anamwangalia mtoto.

Niliweka mikono mapajani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kama mgeni yeyote aliyealikwa, na nilichokuwa nakijua peke yangu kwa miaka yote ile, sasa alikuwa anakijua kila mtu, mpaka mlinzi wa geti.

Msafara ulipofika kwenye mlingoti, yule mtaalamu alikuja amemshika mkono kiongozi wake, akasimama mbele yangu, uso umejaa kicheko. Alikuwa anataka kumpa nafasi ya kusema tena mbele za watu. "Mtambulishe mgeni wetu. Huyu ni nani wako?"

Mtoto akanitazama, akamtazama yeye. Akaninyooshea kidole.

"Huyu ni mke wangu mkubwa."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yule dada naye akacheka, akapiga goti kunisalimia upya, eti shikamoo mke mwenzangu. Nilipiga vigelegele, maana ningefanya nini? K yake ilikuwa safi, g yake ilikuwa safi, na sauti ile ilifika mpaka barabarani. Lakini nilijua pia kwamba "mte wandu" nimeisikia kwa mara ya mwisho bila kuambiwa kuwa ni ya mwisho.

Yule dada aliwagawia watoto chakula cha msafara, na jioni tukarudi nyumbani. Binti yangu akapiga simu, nami nikaweka spika kama siku zote, nikajisogeza karibu. Mtoto akaichukua simu mkononi mwangu, akatoka nayo uani. Nilimsikia mama yake akicheka, kisha akinyamaza akisikiliza, kisha akicheka tena. Hakuna aliyeniuliza anasemaje.

Nilikuwa nimechemsha michembe tangu kabla ya kwenda shuleni, nikaiunga na karanga zilizotwangwa vizuri, nzito, anavyoipenda. Nikapakua sahani iliyojaa, nikaiweka mezani, nikamwita mume wangu aje kula kabla haijapoa.

Akaingia, akanirudishia simu, akaniegemea begani kidogo. Akaichungulia sahani.

"Bibi, nimekula kule," akasema, akarudi nje kucheza.

Nikachukua ungo, nikafunika.