Vijua vya Jikoni kwa Nyanya

"Madam, haya mabati ya zamani nifanye nayo nini? Yamekuwa chujio!"

Fundi alikuwa juu ya paa la jiko la nyanya yangu hapa kisiwani Takawiri, wiki iliyopita, ameinua bati moja kuukuu na kulielekeza juani ili nione aibu yake vizuri. Na kweli lilikuwa chujio. Matundu ya misumari, matundu ya kutu, matundu ambayo hata Nyanya hajui yalitoka wapi. Mwanga ukapita humo ukaniangukia usoni na kwenye blauzi, madoa madoa ya duara, na mimi, mtu mzima niliyetoka mjini Suna na mabati mapya ya rangi ya maruni niliyoyapata kwa kazi yangu ya kutengeneza tovuti, nikaanza kucheka peke yangu. Fundi akadhani namcheka yeye. Kumbe, rafiki yangu, nilikuwa nimerudi miaka kumi nyuma, siku ile nusura nikosane na bibi wa watu kwa sababu ya boksi la sabuni.

Ngoja nikueleze. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na wazimu wa aina tatu: anga, picha na kurasa za mtandao. Mama alikuwa amenirithisha simu yake iliyopasuka kioo kutoka kona hadi kona, na kupitia ufa ule ndio niliingia kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wenye wazimu kama wangu. Wewe! Raha ile sijui niiseme vipi. Shuleni nikitaja sayari, watu wanapiga miayo. Kule ndani kulikuwa na muuza dawa wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, aliyepiga picha ya mwezi kila unapoandama. Kulikuwa na dereva wa lori aliyesimamisha gari kando ya barabara Dodoma ili tu atuonyeshe wingu. Na kulikuwa na msimamizi wa kundi, mwalimu mstaafu wa Tabora, ambaye alituita sote "wanangu," hata wale wenye wajukuu. Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa cha sokoni, kimechanganywa na Kijaluo na Kizungu cha darasani, lakini hakuna aliyenicheka. Nikiandika vibaya, mwalimu ananirudishia sentensi ile ile ikiwa imenyooshwa, kama mtu anayekufunga kifungo ulichosahau.

Wazimu wa kurasa nilipewa na mama mmoja mwenye saiba, duka la mtandao, pale Suna. Wateja wakipungua jioni aliniachia kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi "a" ilikuwa haibonyezeki mpaka uikandamize kwa kidole gumba. Alinifundisha kwamba ukurasa ni kama kibanda cha sokoni: mtu akipita bila kuona unauza nini, amekwenda zake. Nikaenda nyumbani nikaanza kuandika kurasa kwa kalamu kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, herufi moja mraba mmoja, kila alama ya kufungua na kufunga mahali pake. Likizo za kisiwani niliandika daftari zima, kisha nikirudi Suna nakwenda kulichapa lote kwa kidole gumba na uchungu.

Sasa sikia kosa langu. Katika kundi lile kila mtu alikuwa na picha ya maana isipokuwa mimi. Picha zangu za mwezi zilionekana kama yai lililoanguka kwenye lami. Siku moja wivu ukanipanda, nikatafuta mtandaoni picha ya Zohali, ile sayari yenye pete, picha safi ajabu, nikaibandika kwenye kundi na kuandika: "Nimeipiga jana na simu ya mama." Jamani! Kisha mwalimu wa Tabora akaandika, kwa upole wake ule ule: "Hongera, binti. Hii picha ilipigwa na chombo kilichokuwa kikiizunguka sayari yenyewe. Wewe ulifikaje huko, na umerudi lini?"

Walicheka mpaka nikatamani kuifukia ile simu. Kuanzia siku ile nikaitwa Abiria wa Zohali. Mwalimu hakunitoa kwenye kundi, lakini alinikumbusha sheria yetu ya pekee: kila picha iandikwe ni ya nani. Wiki chache baadaye akatangaza kwamba jua litapatwa mwezi wa tisa unapoingia, na kundi litatengeneza ukurasa mmoja, wenye kisanduku cha picha kwa kila mahali palipo na mwenzetu. "Ukurasa ataupanga Abiria," akaandika. "Na kisanduku cha Takawiri ni chake pia. Kikijazwa, tutaacha kumwita hivyo. Kisipojazwa, tutaona."

Ati tutaona! Usingizi ulinihama. Likizo ya Agosti nikaenda kwa Nyanya na daftari langu la miraba, nikaupanga ukurasa wote, rangi ya samawati juu, visanduku chini, na kila nikifika kwenye kisanduku cha Takawiri nakifuta na kukichora upya. Muuza dawa wa Mwanza akanielekeza cha kufanya. Nichukue boksi, nitoboe tundu dogo upande mmoja kwa sindano, na upande wa pili nibandike karatasi nyeupe. Jua lingejichora lenyewe kwenye karatasi na mimi ningelipiga picha humo, bila kuelekeza macho juu hata kidogo. Nikaomba boksi la sabuni dukani. Nikalitengeneza siku tatu. Nililiweka karibu na mlango wa jikoni ili nisilisahau.

Jiko la Nyanya ulipaswa kulijua. Lilinuka moshi na omena, dagaa wetu wa ziwani, na nyoyo, mahindi na maharagwe ya jana, ikipashwa moto. Mvua ikinyesha, sufuria zote zilishuka chini kupokea matone, na kila sufuria ilikuwa na sauti yake, mpaka ukilala chumba cha pili ungeweza kusema ipi imejaa. Jua likiwaka, sakafu ilijaa madoa ya mwanga kutoka kwenye yale matundu. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote, na hilo ndilo lilikuwa saa ya Nyanya. Likifika kwenye mguu wa meza ya vyombo, anatoka kugeuza omena zilizoanikwa kwenye nyavu kuukuu pale mchangani. Likigusa figa la kushoto, anabandika maji ya ugali. Mimi nilicheza na yale madoa tangu nikiwa natambaa, nikijaribu kuyaokota, na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni ya duara wakati matundu yenyewe yamechanika ovyo.

Siku yenyewe ikafika. Redio ilikuwa imetangaza, na Nyanya alikuwa amekasirika tangu alfajiri. "Nani amewapa ruhusa wafunge jua na omena yangu bado ni mbichi?" aliuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika ufunguo. Nikaenda kuogelea kidogo kutuliza roho. Niliporudi, jua tayari limeanza kumegwa kidogo pembeni, kama muuza dawa alivyosema, nikanyoosha mkono mlangoni kuchukua boksi langu.

Hakuna boksi.

"Nyanya, boksi yangu iko wapi?"

"Boksi gani? Hiyo ya sabuni? Kuni ilikuwa na maji, nyakwara. Nimewasha nayo moto."

Nyakwara ni mjukuu wangu, kwa Kijaluo, na alilisema kwa upole kabisa. Nikachungulia. Kipande cha mwisho, chenye karatasi yangu nyeupe, kilikuwa kinajikunja katikati ya mafiga, kinatoa moshi mzito wa rangi ya maziwa. Sikujua mtoto anaweza kupata hasira kiasi kile. Nilimpigia kelele nyanya yangu. Nilimwambia, "Wewe hujui kitu! Hujui kitu chochote!" na nikatoka mbio nikilia, na hata leo nikikumbuka alivyobaki ameshika mwiko, ananiangalia, nasikia aibu mpaka masikioni.

Nikakimbia ufukweni na simu, nikaipa jua mgongo, nikaiinua juu ya bega nikipiga bila kutazama. Picha ya kwanza: weupe mtupu. Ya pili: weupe. Ya kumi: weupe na kidole changu. Na mambo yalikuwa yanakwenda! Mwanga ulianza kuwa wa ajabu, mwembamba, kama saa kumi na moja jioni imekuja mchana. Upepo wa ziwani ukapoa. Akina mama waliokuwa wanaanika omena wakasimama, mikono kiunoni. Kuku, tofauti na nilivyoahidiwa kwenye kundi, hawakwenda kulala, waliendelea kuiba omena tu. Nami niliona kabisa kile kisanduku kikibaki kitupu, na jina langu chini yake, Abiria wa Zohali, hadi kufa kwangu.

Ndipo nikasikia sauti ya Nyanya. Si ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuta mgeni ndani bila hodi.

"Nyakwara! Kuja haraka! Kuna kitu imeingia kwa jikoni!"

Nikaingia. Yawa! Mpaka leo nywele zinanisimama. Ule moshi wa boksi langu ulikuwa umejaa jiko zima, na kutoka kila tundu la bati mshale wa mwanga ulikuwa umeshuka ndani ya moshi, umenyooka, makumi ya mishale. Na kule chini, rafiki yangu, kule sakafuni hakukuwa na duara hata moja. Kulikuwa na hilali. Sakafu nzima, hilali! Kwenye meza ya vyombo, kwenye gunia la omena, kwenye sufuria, begani kwa Nyanya, vijua vidogo vilivyomegwa vyote upande mmoja, vyote vikitazama njia moja. Saa ya Nyanya nayo, lile doa kubwa, ilikuwa imebaki kama ukucha uliokatwa.

"Ni nini?" Nyanya akaninong'oneza.

"Ni jua, Dani," nikasema, maana nilipozidiwa nilimwita nyanya kwa Kijaluo. "Ni lenyewe!"

Nikapiga picha moja baada ya nyingine. Nilipiga moja Nyanya amekunja kiganja, kijua kimoja kimekaa ndani yake, naye anacheka na meno yake matatu ya mbele. Nikakimbia hadi kwenye mwamba ulio nyuma ya kanisa, mahali pekee simu ilipopata mtandao, nikaipandisha. Iligoma. Nikapanda juu zaidi. Ikaenda! Chini yake niliandika: "Picha ni yangu. Kamera ni jiko la nyanya yangu, ambaye leo nilimwambia hajui kitu."

Umewahi kuona watu wakiruka kwa maandishi? Dereva wa lori alituma herufi kubwa tupu. Muuza dawa, ambaye kwake Mwanza kulikuwa na wingu zito, aliniandikia kwamba amelia kidogo, na akanifafanulia kitu kilichonigeuza kichwa: kila tundu dogo huchora jua, siku zote, kupatwa au kutopatwa. Yale madoa ya duara niliyojaribu kuyaokota nikitambaa yalikuwa picha za jua. Nimekulia ndani ya kamera na sikujua! Mwalimu wa Tabora aliandika mstari mmoja tu: "Binti amerudi salama kutoka Zohali."

Niliporudi jikoni nilimsomea Nyanya yote niliyoandika, pamoja na lile neno langu baya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umeandika kamera ni ya nani?"

"Yako."

"Sawa. Sasa enda ugeuze omena, jua imerudi."

Basi hivyo ndivyo nilivyosamehewa. Ukurasa ulijaa, visanduku vyote, na niliuchapa mwenyewe pale saiba. Leo haupo. Jukwaa lililobeba kundi letu lilifungwa, na kila mtu akaenda na njia yake. Mwalimu wa Tabora alinyamaza kabla ya hapo, akiwa hajatuaga, na hakuna aliyejua pa kuulizia. Saiba ya Suna sasa wanauza viatu. Mimi hutengeneza tovuti za watu, kazi nzuri, naipenda, lakini sijapata tena mahali ambapo mtu anasimamisha lori ili akuonyeshe wingu. Nimebaki na daftari la miraba, lina alama ya mafuta kwenye jalada.

Wiki iliyopita fundi alimaliza kabla ya adhuhuri. Jiko likang'aa, maruni tupu, hakuna hata pahali pa sindano kupenya. Nilimshika Nyanya mkono nikamwingiza, nikijisikia mtu wa maana sana. Akakaa kwenye kigoda chake. Akatazama juu, akasifu. Kisha akatazama chini, kwenye sakafu yenye giza.

"Ni nzuri, nyakwara. Mvua haitaingia." Akapapasa sakafu kwa mguu. "Sasa nitajua aje saa ya kugeuza omena?"

"Simu yako ina saa, Nyanya."

"Simu haitembei kwa sakafu."

Vile vijua vyote nilikuwa nimevifukuza kwa mikono yangu, na kwa mapenzi. Nikatoka nikamwita fundi, nikamwambia apande tena, atoboe tundu moja. Akaniangalia kama mgonjwa. "Madam, bati mpya? Hata siku haijaisha? Mvua itaingia!"

"Iingie," Nyanya akajibu kutoka ndani. "Sufuria iko." Akainua mwiko, akamwelekeza kutoka chini, kushoto, hapana, kushoto kidogo, hapo. Msumari ukagonga mara moja.

Kijua kimoja kikaanguka sakafuni, duara safi, karibu na figa la kushoto. Nyanya akakitazama, akasimama, akabandika maji ya ugali. Nikakipiga picha. Kidole changu kikaenda chenyewe kutafuta lile kundi, kisha kikakwama, kwa sababu hakuna mtu tena upande ule.

"Unatumia nani hiyo picha?" Nyanya akauliza.

Basi nakutumia wewe. Picha ni yangu, nimeipiga mwenyewe. Kamera ni ya Nyanya.