Kayamba Ndani ya Kompyuta

Mafundi wa kompyuta mimi siwaamini, na yule wa Nyamagana nilianza kumtilia shaka pale aliponiita "mzee wangu" kabla hata hajaniamkia. Ndiye aliyeniwekea programu ya kuandikia nota. Miaka yote nimefundisha muziki kwa chaki na mdomo, lakini mkuu wa shule alitaka wimbo wa mahafali uchapwe, kila mwanakwaya awe na karatasi yake.

Nikauchapa. Sauti zote nne, ngoma, na juu kabisa kayamba. Nilipobofya programu iupige, mstari wa bluu ukapita juu ya nota. Besi hiyo, ngoma hiyo. Kayamba, kimya! Nota zinapitiwa, sauti hakuna.

Nikajua tu nimepigwa. Programu iliyochakachuliwa hiyo, fundi kaacha kipande makusudi ili nimrudie. Kisha nikawashuku kidato cha tatu, maana kompyuta niliiacha darasani. Nikauliza nani kaigusa, wakajibu kwa kunong'ona, kama kawaida yao. Watoto wa siku hizi hawana sauti kabisa. Nyumbani nikafungulia spika mpaka mwisho, mke wangu akatoka jikoni mbio.

"Baba, unataka mtaa mzima uhamie Sengerema?"

Huyo naye! Tangu mwaka jana ananiandama na sauti ya redio. Nikaona wote lao moja.

Jumamosi nikamfuata fundi dukani kwake. "Umeniwekea kitu kibovu, kayamba halilii," nikamwambia hata sijakaa. "Hebu piga usikie mwenyewe."

Akabofya. Nikamkazia macho nimkamate akijifanya. Kidole chake kikaanza kugonga meza, mwenyewe hana habari. Hakikufuata ngoma, maana ngoma nilikuwa naisikia. Kilikimbia pale nilipoandika kayamba likimbie, kikatulia pale nilipolipumzisha, mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu wa muziki bila masikio ni mwalimu wa nini? Niliogopa, jamani. Mkuu wa shule akijua, kazi sina.

"Mbona kayamba linalia vizuri tu, mzee wangu?" fundi akasema. "Au bado hulisikii?"

Akaupiga wimbo tena. Nikakitazama kidole chake, nikagonga meza pamoja nacho.

"Aa, sasa hapo nalisikia," nikasema. "Limekaa sawa."