Mahali Ikawa Mahari

"Msukuma akiandika kitabu, ng'ombe ndio watakaokisoma." Mjomba wangu wa Ushirombo alisema hivyo siku niliyorudi kutoka Dar es Salaam na kumweleza kwamba nimekuja kuchapisha riwaya za vijana. Alikuwa anamtoa kupe maksai wake sikioni, wala hakunigeukia. Shangazi yangu, muuza mitumba wa Katoro, yeye alinitazama vizuri, kuanzia viatu.

"Baba, wewe hata redio ulikuwa unasema ledio. Kiswahili cha watoto wa shule utakiweza wapi?"

Ledio nilishaiacha zamani. Wiki yangu ya kwanza Dar, nikiwa msoma prufu katika nyumba moja ya vitabu, nilisema nimeleta "lipoti" na ofisi nzima ikacheka mpaka mhudumu wa chai. Tangu siku hiyo nilikuwa nikioga nasoma R kwa sauti: ripoti, rafiki, barabara, karatasi. Wapangaji wenzangu walidhani nasali. Mwaka haukuisha, hakuna aliyeweza kujua kwa kunisikiliza tu kwamba nimetoka Shinyanga. Jioni nikasomea stashahada ya uhariri kwa mshahara wangu mwenyewe. Hakuna mtu wa ukoo wangu aliyeninunulia hata kalamu ya kufanyia mtihani.

Pamoja na maneno yao, walinikopesha. Mjomba aliuza maksai wawili. Shangazi alinipa mtaji wa belo moja la nguo za watoto. "Nakupa kama ninavyotoa rambirambi," akasema. "Marehemu hairudishi." Nilipokea. Mtu mwenye haja hachagui mdomo unaompa.

Nikapanga chumba mtaa wa Kambarage, kati ya saluni na fundi cherehani, nikatundika kibao. Vijana walianza kuja na miswada yao, nami sikuwabembeleza. Hadithi iliyoanza na jua kuchomoza niliirudisha kabla mwenyewe hajakaa. Kijana mmoja wa kidato cha nne alileta riwaya ya mapenzi ambayo watu wanalia kila ukurasa. Nilimsomea machozi yake moja baada ya jingine, kwa sauti, huku wateja wa saluni wakisikiliza mlangoni. Hakurudi tena. Nasikia sasa anaendesha bodaboda, na anaendesha vizuri.

Niliyemhitaji alikuja mwenyewe. Alikuwa binti wa machimbo ya Nyarugusu, amemaliza shule, vidole vimechubuka kwa kugonga mawe. Alinisalimia shikamoo mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiitikia. Akaweka mezani daftari kubwa lililofunikwa kwa gazeti.

"Nakuazima, mwalimu," akasema. "Ukishachapa unirudishie. Sina lingine."

Juu alikuwa ameandika: Mahali pa Dada.

Dada yake, alinieleza, alikuwa akiokota magwangala, yale mawe ya mabaki, pembeni mwa duara moja, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Kifusi kikamshukia. Mwenye duara hakutaka serikali ije imfungie kazi, akasawazisha pale usiku uleule, maiti ikiwa chini. Akamwambia mama yao kwamba binti amekimbia na mnunuzi wa dhahabu. Huyu mdogo alikuwepo, aliona. Ameandika kila kitu kama hadithi: kutoka kwenye mashine ya kusaga mawe ni hatua ngapi, mwamba upi uko kushoto, wapi ardhi imetitia.

"Kikichapwa, hawezi kusema hapakuwa na mtu," akasema. "Kwa mdomo mama haniamini; akisikia kitabuni atajua pa kuweka msalaba. Yeye hajui kusoma, nitamsomea."

Niliusoma muswada siku mbili. Alikuwa na kipaji, nalikiri hilo, na mimi ndiye niliyekigundua. Lakini jina la kitabu lilinichekesha. Mwanzoni mwa hadithi wazazi wanagombania ng'ombe ambao mchumba wa dada ameahidi kuwatoa, kwa hiyo nilielewa mara moja. Binti wa Kisukuma, R haipandi, anataka kuandika mahari ameandika mahali. Hata hiyo "pa" niliichukulia kuwa kosa linalofuata kosa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka sawa: Mahari ya Dada. Zile kurasa za hatua na miamba nilizikata kwa mstari mwekundu. Kijana wa leo hasomi maelezo ya njia.

Alipokuja kuona prufu, aliishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ni mahali."

"Ndiyo hiyo. Mahari."

"Hapana. Ma-ha-li."

Nikamwita fundi cherehani aje asikie. "Njoo usikie mwandishi wangu anavyotamka." Nikamwambia binti, "Weka ulimi juu. Sema: rrr."

"Naijua R, mwalimu. Mimi nasema pale alipo dada."

"Sema mahari."

"Mwache, mzee," fundi akasema, lakini naye alikuwa anacheka. "Atameza ulimi wake bure."

Nilimfanya arudie kama mara sita. Ya saba machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Haya, mwalimu," akasema. "Mahari." Nikamwambia umeona, inawezekana. Mimi niliipata bafuni bila mwalimu. Kuhusu zile kurasa nilizokata hakuuliza chochote. Nadhani alikuwa hajafika pale zilipokosekana.

Kitabu kikachapwa Mwanza. Mwalimu mmoja wa sekondari ya Katoro ndiye aliyenifungua macho. Alinunua nakala, akarudi wiki iliyofuata nayo mkononi.

"Ndugu, mbona mahari yenyewe hailipwi humu ndani? Huyu mtoto kutwa anataja mahali alipozikwa dada yake."

Nilitoka nje. Nilisimama barabarani nikatamka maneno yote mawili polepole. Nilikuwa nimeitoa L ya mtu aliyejua anachosema nikaweka R yangu ya bafuni. Wale wa Dar wangecheka mpaka mhudumu wa chai.

Hawakujua, na mimi sikumwambia mtu. Mwalimu yule nilimjibu kwamba ni fumbo, akaridhika, akaagiza nakala za darasa zima. Mahari inauza. Katoro wazazi walinunua wakidhani kitabu kinafundisha mabinti adabu, na mabinti walinunua wakidhani kinawafundisha kukataa. Kule Nyarugusu, hata yule mwenye duara alinunua. Niliambiwa alikimaliza kwa siku moja, akanunua vingine viwili akagawa. Kwa nini asigawe? Duara lake halikuwemo.

Chapa ya pili ningeweza kubadilisha jina. Nilishika kalamu, nikafikiria mjomba na maksai wake, nikaiweka chini. Kibanda kikishapata wateja hubadilishi kibao.

Siku niliyolipa madeni nilikodi bodaboda kutwa nzima. Nilianzia Katoro. Shangazi alihesabu akiwa amekaa juu ya belo, akanusa noti.

"Kumbe marehemu amefufuka," akasema.

"Amefufuka, na hana haja ya rambirambi yako tena," nikamjibu mbele ya wateja wake. Alicheka peke yake.

Ushirombo, mjomba alikuwa anaumwa kitandani. Nilimhesabia mkononi, na vidole havikuweza kufumba, nikamfumbia. Nikamwekea kitabu kando ya mto. "Hiki ni cha ng'ombe wako," nikasema. Alifumba macho. Sikukaa.

Jioni nikarudi hadi Nyarugusu. Binti alikuwa nje anagonga mawe, mama yake kando anapeta mchanga. Nilimpa sehemu yake ya mauzo, daftari lake na nakala moja ya kitabu, nikataka asaini kwamba amepokea, akasaini. Kisha akafungua daftari, akafika kwenye kurasa nyekundu, akazigeuza moja moja.

"Kwenye kitabu hazimo?"

"Hazimo."

"Hata chapa nyingine?"

"Imeshatoka."

Mama yake alikuwa amenawa mikono. Alichukua kile kitabu nilichowaletea, akakipapasa jalada, akampa binti. "Nisomee jina, mayu, mwanangu."

Binti alinitazama, halafu akasoma kitu ambacho hakikuandikwa pale: "Mahali pa Dada."

Mimi ni mhariri. Siwezi kusikia neno likisomwa visivyo nikanyamaza.

"Mahari, mama," nikasema. "Imeandikwa mahari."

Mama alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyejibiwa.

"Eeh, mahali," akasema. "Si ndivyo alivyosoma? Asante, baba. Sasa nionyeshe ni ukurasa gani alipolala."

Binti aliinama akaokota nyundo. Nilimwambia mama kwamba mwanawe atamsomea, nikapanda bodaboda. Nilikuwa nimelipa wote.